Amana Iliyo Tumboni

(Hotuba iliyosomwa Koboko mbele ya mkutano wa Waislamu wa Arua na Koboko)

 



 Wakubwa wa jumuiya yetu waliponitaka niseme katika mkutano huu wa ukumbusho, walinipa hiari ya kuchagua maneno. Najua wengi mwatarajia nisimulie khabari za wazee wetu waliojenga misikiti ya mwanzo katika nchi hii ya West Nile, na vyuo walivyotusomesha. Hao wanastahili kutajwa, na wenzangu watawataja. Mimi nimechagua jambo la nyumbani, ambalo latupata kila siku na ambalo hatulisemi misikitini: dawa anazomeza mama mwenye mimba, na dawa anazomeza mama anayenyonyesha.

Huenda mtu akauliza moyoni mwake: sheikh na vidonge, wapi na wapi? Swali lake ni la haki. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni, pamoja na madarasa ya praimari. Haya nitakayowaambia nimeyauliza kwa wakunga na waganga wa hospitali, kisha nikayarudia mbele yao, mpaka waliponiambia kuwa nimefahamu. Lakini sababu ya kuyasema ni yangu mwenyewe. Ni deni, na leo nataka kulipa sehemu yake.

Mwaka 1997 nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, nikifanya biashara ndogo hapa Koboko. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, akashikwa na kikohozi na homa. Kituo cha afya kilikuwa mbali, nami nilikuwa na haraka. Nikaenda kwenye duka moja, nikamwambia mwenye duka, "Nipe dawa ya kikohozi." Hakuniuliza ni ya nani, wala mimi sikumwambia. Akanihesabia vile vidonge vya rangi mbili, nyekundu na manjano, akavifunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Dawa ile yaitwa tetrasaiklini. Mke wangu akaimeza siku tano, kikohozi kikapoa, nami nikajiona mume mwema.

Mtoto akazaliwa mwanamke, mzima wa viungo. Alipofika miezi michache akapata homa na kuharisha, nikarudi kwenye duka lile lile kwa dawa ile ile iliyotufaa. Tukafungua ganda la kidonge, tukachanganya unga wake na maziwa ya mama katika kijiko, tukamnywesha. Wala hatukufanya hivyo mara moja. Kila homa ilipokuja ndiyo iliyokuwa dawa yetu, mpaka mtoto akafika miaka mitatu.

Meno yake ya utoto yalipotoka yalikuwa ya manjano. Bibi yake akasema ni maji ya kisima. Tukangoja yang'oke. Yalipoota meno ya pili yalikuwa na mistari ya hudhurungi, na mistari ile haikuondoka kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa limau. Ni mganga wa meno aliyetueleza. Alisema kuwa dawa ile hushikana na chokaa inayojenga mifupa na meno. Mama akiimeza baada ya mwezi wa nne wa mimba, huingia katika meno ya mtoto aliye tumboni. Na mtoto akipewa mwenyewe kabla hajafika miaka minane, huingia katika meno atakayoishi nayo maisha yake yote. Wala haitoki.

Binti yangu huyo ana akili na adabu, amesoma kunishinda mimi, na ameolewa. Lakini tangu utoto wake hacheki ila ameweka ncha ya shela mdomoni. Siku ya harusi yake, wanawake walipokuwa wakipiga vigelegele, yeye alifumba mdomo. Nilimwona, na nilijua ni kazi ya mkono wa nani.

Mwaka uliopita alichukua mimba, naye akashikwa na kikohozi kama mama yake zamani. Mumewe akarudi sokoni na vidonge ndani ya karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwao. Binti akavitazama vile vidonge, kisha hakumgeukia mumewe; alinigeukia mimi, akasema, "Baba, hii imeulizwa?" Hakuongeza neno. Nami tangu siku ile sikupata raha mpaka nilipoahidi kusimama mbele yenu.

Basi jambo ninalotaka mlichukue leo ni moja, na mkisahau mengine yote msilisahau hili: kabla mama hajaimeza dawa, ulizeni, na kabla mama hajaiacha dawa aliyopewa, ulizeni pia. Makosa ni mawili, si moja. Kuna mama aliyedhurika kwa kumeza asichohitaji, na kuna mama aliyedhurika kwa kuacha alichokihitaji.

Ndugu zangu, desturi hii ya kununua dawa bila kuuliza haikutuangukia kutoka mbinguni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Baada ya vita vya mwaka 1979 na machafuko ya 1980, wengi wetu tulivuka mpaka tukaingia Sudan na Zaire, tukakaa huko miaka. Ukimbizini mtu alipopata homa alinunua alichokikuta, kidonge kimoja kimoja, kwa fedha aliyo nayo. Ilikuwa dharura. Tuliporudi makwetu tulirudi na desturi ile, hata dharura ilipokwisha. Na leo tunakaa penye njia panda ya nchi tatu. Barabara ya lami ya kilomita 92, itokayo Vurra mpaka Oraba, imetuletea kheri nyingi. Lakini gari lile lile linaloleta sukari na nguo laweza kuleta vidonge pia. Mama wa Kikakwa au wa Kilugbara atapewa kopo lenye maandishi ya Kifaransa lililotoka upande wa Kongo, au ya Kiarabu lililopita Sudan, na nyumbani hapana awezaye kuyasoma. Nawaambia msidanganyike: dawa iliyoandikwa kwa Kiarabu haipati baraka kwa kuandikwa hivyo. Nayo ni dawa tu, na yataka mjuzi.

Wengine hudhani kuwa mtoto aliye tumboni amehifadhika, kwamba alichokula mama hakimfikii. Hata waganga wakubwa wa Ulaya walikuwa na dhana hiyo, mpaka walipofundishwa na msiba. Mwaka 1957 katika Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Ilisifiwa kuwa haina madhara, na mama wenye mimba waliitumia kwa kichefuchefu cha asubuhi. Ikapelekwa nchi nyingi. Kisha watoto wakaanza kuzaliwa bila mikono, au viganja vimeota mabegani, au bila miguu, na wengine hawakuishi. Mwaka 1961 daktari Widukind Lenz wa Hamburg na daktari William McBride wa Australia, kila mmoja peke yake, walitambua kuwa sababu ni dawa ile, na mwisho wa mwaka huo ikaondolewa madukani Ujerumani na Uingereza. Watoto walioharibika walizidi 10,000. Huko Marekani dawa ile haikupata ruhusa ya kuuzwa wakati ule, kwa sababu mwanamke mmoja, daktari Frances Kelsey, aliyewekwa kuchunguza maombi ya dawa, alikataa kutia sahihi mpaka aonyeshwe ushahidi. Walimbana sana, naye akashika neno lake. Fikirini ni watoto wangapi waliosalimika kwa sababu mtu mmoja aliuliza.

Na katika khabari ile mna jambo jingine la kuzingatia. Madhara yale yalitokea mama alipoimeza dawa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutunga. Hesabuni wenyewe: ni wakati ambao mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo mwanamke aliyeolewa, ambaye siku zake zimechelewa japo kidogo, na amwambie mganga kabla ya kupokea dawa: "Huenda nikawa na mimba." Hapana aibu katika maneno hayo.

Aibu hii imetufanyia kazi mbaya. Wengi wetu tunakumbuka, katika miaka ya kupiga vita ugonjwa wa usubi unaopofusha macho, jinsi wagawaji wa Mectizan walivyokuja kijijini na kijiti cha kupimia urefu wa mtu ili wajue kipimo chake. Amri ilikuwa kwamba mwenye mimba asipewe, wala mzazi wa wiki ya kwanza. Lakini mgawaji alikuwa kijana jirani, na watu wamejipanga foleni, na mama mwenye mimba changa anaona haya kulitamka jambo lake mbele ya mashemeji. Akasimama kwenye kijiti, akameza. Mama zangu, haya ni katika imani, lakini haya isiyozuia madhara siyo tuliyofundishwa. Mwite kando, umwambie kwa sauti ndogo.

Sasa nitaje baadhi ya dawa, si ili mjitibu kwa maneno yangu, bali ili mjue mahali pa kusimama na kuuliza. Tetrasaiklini na ndugu yake doksisaiklini nimekwisha kuzieleza. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huchomwa sindano au humeza kwa maumivu ya mgongo, zataka mama ajiepushe nazo tangu wiki ya 20 ya mimba isipokuwa daktari ameamuru. Dawa hizo zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka; na mimba ikikaribia mwisho zaweza kufunga kabla ya wakati mshipa mmoja ulio karibu na moyo wake, ambao Mwenyezi Mungu ameuacha wazi mpaka atakapozaliwa. Aspirini nayo si ya kujinunulia. Daktari humpa mama fulani kipimo kidogo kwa khofu ya shinikizo la damu, na hilo ni jambo la daktari. Kwa homa na maumivu, dawa iliyozoeleka kwa mwenye mimba ni Panadol, na hata hiyo si peremende: vidonge visizidi viwili kwa mara moja, wala vinane katika siku nzima, na homa isipokwisha upesi aende akapimwe. Kati ya dawa za kifafa iko moja, valproeti, ambayo imethibitika kuharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto. Mwanamke anayeitumia na aonane na daktari kabla ya kushika mimba, apewe nyingine. Lakini asiiache ghafula kwa khofu, maana kifafa kikimwangusha motoni au mtoni, mama na mtoto watapotea pamoja.

Hapo ndipo tunapoingia katika kosa la pili, nalo labda ndilo linaloua zaidi katika nchi yetu. Nimesikia, na nyinyi mmesikia, watu wanaosema: "Mwenye mimba asimeze dawa yo yote." Maneno haya yaonekana ni ya hekima, lakini si kweli. West Nile ni nchi ya mbu. Malaria ya mwenye mimba humaliza damu ya mama, na humfanya mtoto azaliwe mdogo na dhaifu, au azaliwe maiti. Ndiyo sababu kliniki humpa mama vidonge vitatu vya SP, ambavyo wengi huviita Fansidar, ameze mbele ya mkunga. Haanzi katika miezi mitatu ya mwanzo. Huanza mimba ikifika wiki ya 13, kisha hupewa tena baada ya mwezi, na tena baada ya mwezi, visipungue vipimo vitatu mpaka kuzaa. Mama anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, kwa hiyo na aseme. Na vidonge vya foliki vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Vile vidogo vinavyochanganywa na madini ya chuma kliniki havina taabu. Hivyo vya chuma navyo msivitupe shimoni kwa sababu ya harufu, wala kwa kuogopa kuwa mtoto atakuwa mkubwa. Huongeza damu, na mama mwenye damu haba akitokwa na damu wakati wa kuzaa hana akiba.

Akipata malaria yenyewe, atibiwe upesi baada ya kupimwa. Zamani mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo alipewa kwinini. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikubali dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo hapa huitwa Coartem, itumike hata katika miezi hiyo. Basi asikae na homa ndani akingoja mimba ikue.

Na kwa wale walioonekana na virusi vya Ukimwi, nasema waziwazi ndani ya mkutano huu wa Waislamu, kwa kuwa maradhi hayaulizi dini: tangu mwaka 2012 Uganda imeshika utaratibu wa kumpa kila mama mwenye virusi dawa za maisha, na kwa dawa hizo maelfu ya watoto wamezaliwa na kunyonya wakiwa salama. Atakayemwambia mama huyo aziache kwa sababu ya mimba, au kwa sababu ameombewa dua, amemtia mtoto mkononi mwa maradhi.

Hapa nifike penye Ramadhani, maana hili ni la kwetu masheikh. Nimearifiwa na wakunga kuwa katika mwezi mtukufu mama huja kliniki, akipewa SP ameze hapo hapo, hukataa akasema, "Nimefunga." Kisha harudi tena. Wengine huacha dawa za kila siku mwezi mzima. Mama zangu, sheria yetu imempa rukhsa mwenye mimba na anyonyeshaye kufungua akijikhofia nafsi yake au mtoto wake. Wanachuoni wamekhitalifiana katika kulipa na katika fidia, na mwenye kutaka ufafanuzi na aje tukae; lakini katika rukhsa yenyewe hawakukhitalifiana. Dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku huenda ikawekwa daku na futari, mganga akikubali. Isipowezekana, rukhsa ipo, na aliyeitoa ni Mwenye kukuamuru kufunga. Usijifanye mchamungu kuliko sheria.

Jambo jingine ni miti shamba na dawa zetu za jadi. Sizidharau, Mwenyezi Mungu ameweka dawa katika mimea, na dawa nyingi za hospitali asili yake ni mmea, kwinini ikiwa mojawapo. Lakini kwa sababu mmea una nguvu ya kuponya, unayo pia nguvu ya kudhuru, na mmea haukuandikwa kipimo. Zaidi ya zote naogopa dawa za kuharakisha uchungu. Dawa hizo hukaza tumbo la uzazi pasipo kiasi. Na mtoto akiwa amekaa vibaya, tumbo laweza kupasuka, na mama hufariki kabla gari halijafika. Habat soda na asali katika chakula ni kheri. Lakini kunywa mafuta ya habat soda kikombe kwa kikombe kwa kuwa ni dawa ya Sunna, hilo halikuulizwa. Na udongo ambao mama wenye mimba hupenda kuutafuna, katika nchi mbali mbali umepimwa ukaonekana una madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto. Wanja wa manga nao huwa na risasi. Usimpake mtoto mchanga machoni. Na zile krimu za kujichubua ngozi, nyingine zina zebaki, nayo hupita katika ngozi ya mama ikamfikia aliye tumboni.

Mtaniuliza: na kombe je? Wenzetu wa Sudan huliita mihaya. Naam, mimi huandika kombe, kama walivyoandika walimu wangu. Sasa nina masharti mawili. La kwanza, naandika kwa zafarani kidogo na maji safi yaliyochemshwa, katika sahani safi; siandiki kwa wino wa dukani, maana wino ule ulitengenezwa kwa karatasi, haukutengenezwa kwa tumbo la mja mzito. La pili, mama akinijia namwuliza kwanza: umekwenda kliniki? Akisema bado, namwambia, nenda, kisha urudi, nami nitakuandikia. Dua haigombani na dawa. Sheikh anayemzuia mgonjwa asiende hospitali hakuitetea Qur'ani, ameidhulumu.

Ama kunyonyesha, Sura ya Al-Baqara imetaja muda wa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kuutimiza, na ujuzi wa leo waona faida ile ile. Kwa hiyo kosa kubwa hapa ni kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu mama anameza dawa. Dawa nyingi hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo mno kisichomdhuru mtoto. Mama anayetibiwa malaria kwa dawa za kawaida, au kikohozi kwa amoksilini, aendelee kunyonyesha. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima huingia katika khatari kubwa kuliko ile iliyokimbiwa. Lakini zipo dawa za kuogopa. Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, na tramadoli, zaweza kupita katika maziwa zikamlaza mtoto usingizi mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Mwaka 2017 wakubwa wa dawa wa Marekani waliwaonya mama wanyonyeshao wasizitumie. Vidonge vya kupanga uzazi viko vya namna mbalimbali, na namna moja hupunguza maziwa; mkunga atachagua inayofaa. Mairungi nayo, msiseme ni majani tu: sumu yake humfikia mtoto kwa mimba na kwa ziwa. Na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali; kwa tahniki, tende yatosha.

Ndugu zangu wanaume, maneno ya mwisho ni yetu sisi. Katika nyumba nyingi hapa fedha i mikononi mwetu. Ni sisi tunaomtuma mtoto dukani, na ni sisi tusemao, "Nauli ya kwenda hospitali ya nini, kuna duka hapa?" Malipo ya kutibiwa katika vituo vya serikali yaliondolewa mwaka 2001. Najua, dawa huisha. Najua, foleni ni ndefu. Lakini kuuliza hakuna bei. Ukifika dukani, anza kwa kusema: "Dawa hii ni ya mama mwenye mimba ya miezi kadha," au, "ni ya mama anayenyonyesha mtoto wa miezi kadha." Uliza jina la dawa. Taka iandikwe. Tazama mwisho wa muda wake. Uende na kile kitabu cha kliniki cha mama, kila aonaye mgonjwa akione. Na muuzaji akijibu upesi mno pasipo kuuliza lo lote, ondoka, uende kwa mwingine.

Nanyi ndugu zetu wenye maduka ya dawa, wengi wenu mko katika mkutano huu. Sheria ya mwaka 1993 iliyoweka Mamlaka ya Taifa ya Dawa yataka muuzaji awe na leseni, na hiyo ni hesabu ya duniani. Iko hesabu nyingine. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na wengineo, Mtume ametufundisha kuwa mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu huchukua dhamana ya madhara yake. Mwenye duka aliyeniuzia mimi mwaka ule hakuwa mtu mbaya. Alifanya kama walivyofanya wenziwe, nami nilifanya kama walivyofanya waume wenzangu. Hapana aliyekusudia ubaya, na mistari iko katika meno ya mwanangu mpaka leo. Ndipo nilipojua kuwa nia njema peke yake haitoshi. Mwenye kushika amana lazima aulize njia ya kuihifadhi.

Vidonge alivyoletewa binti yangu mwaka uliopita havikumezwa. Mumewe alivichukua pamoja na mkewe, wakaenda kwa mkunga, wakarudi na dawa nyingine na maneno ya kutulia moyo. Mjukuu wangu amezaliwa, ananyonya, na meno mawili ya mbele yameanza kuchomoza, meupe. Mama yake akiyaona hucheka, na siku moja, kwa furaha, alisahau kuweka shela mdomoni.

Namwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi mimba za mama zetu, ayabariki maziwa yao, awape shifa wagonjwa wetu, awalipe kheri wakunga na waganga wanaokesha kwa ajili yetu Arua na Koboko, na atusamehe sisi tuliokosa kwa kutojua.